Breki laini baada ya kubadili pedi na mafuta: utoe upepo tena, au ununue masta?

Gari liliingia gereji na breki nzuri tu, ila pedi zilikuwa zimekwisha. Linatoka na pedi mpya mbele, mafuta mapya ya breki, na pedeli inayozama hadi karibu na zulia. Fundi anafuta mikono: "Masta imekufa, njomba. Tuagize Dar." Fundi wa banda la pili anadakia kwamba humo mna upepo tu, utolewe tena. Mwenye gari amebaki katikati, simu mkononi, hajui atume hela ya spea au amtume kijana dukani akalete kopo jingine la mafuta.

Hapa Mtwara swali hilo lina uzito wake. Masta, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, kwa gari dogo mara nyingi hutaikuta rafuni. Inapanda basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na ikifika ukakuta matundu ya mabomba yamekaa upande mwingine, inapanda basi tena kurudi. Kutoa upepo upya ni kopo la mafuta na jasho la watu wawili. Kwa hiyo wengi huanza na upepo, na hilo ni sawa. Tatizo ni namna wanavyoutoa: wanapampu kwa hasira mpaka chini, na pampu hiyo ndiyo inayoua masta iliyokuwa nzima asubuhi. Jioni masta inabadilishwa kweli, na fundi wa kwanza anaonekana alijua toka mwanzo.

Kwa maoni yangu masta isiagizwe mpaka imepatikana na hatia kwa vipimo. Vipimo vyenyewe havihitaji mashine.

Wanaoshukiwa

Wa kwanza ni upepo ulioingia mafuta yalipobadilishwa. Wa pili ni masta silinda ambayo raba zake za ndani haziwezi tena kushikilia presha. Wa tatu, anayesahauliwa kuliko wote, ni viatu vya breki za nyuma vilivyokaa mbali na dramu, ile ngoma ya chuma vinayoikandamiza ili gari lisimame. Wa nne ni mipira ya breki inayoingia kwenye magurudumu, ile iliyozeeka ikawa inavimba kila ukikanyaga. Yupo na wa tano ambaye hana kosa kubwa: pedi mpya zenyewe, zilizo bapa, zikiwa zimekutanishwa na diski ya zamani iliyolika na kubaki na ukingo. Hizo zinagusa diski sehemu chache tu mpaka zikae, na pedeli huwa na ulegevu kidogo kwa kilomita za mwanzo.

Kabla ya kulinganisha wote hao, tafuta unyevu. Pitisha kidole kwenye kila nipeli ya kutolea upepo, kwenye boliti inayoshika mpira wa breki pale kwenye kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), nyuma ya sahani ya dramu, na chini ya masta pale inapokutana na busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu injini ikiwaka. Ukikuta panavuja, habari imeishia hapo: ziba kwanza, toa upepo, kisha ndiyo uangalie kama bado kuna kesi.

Mguu ndio kipimo cha kwanza

Simamisha gari mahali tambarare, weka kabari kwenye matairi. Mafundi wengi hupima breki gari likiwa limezimwa, wakasema "mbona ngumu", kisha mwenye gari anawasha na pedeli inashuka. Wote wawili wako sahihi. Gari likizimwa na ukapampu mara kadhaa, busta inaisha nguvu na pedeli inakuwa ngumu hata kama breki si nzuri. Ukishikilia hivyo hivyo ukawasha injini, pedeli kushuka kidogo ni dalili kwamba busta inafanya kazi, wala si ugonjwa. Ugonjwa ni ile inayoendelea kushuka baada ya hapo.

Jedwali hili ndilo ninalolitumia. Lisome kwa mistari ya kulala, kipimo kimoja kimoja:

| Unachofanya | Upepo | Viatu vya nyuma viko mbali | Masta | Mipira inavimba |
|---|---|---|---|---|
| Pampu mara tatu haraka haraka | Inapanda, lakini hata juu bado inadunda | Inapanda na kuwa ngumu kabisa | Inaweza kupanda, kisha inaanza kushuka | Inabaki ya kudunda |
| Injini ikiwaka, shikilia mguu bila kuongeza nguvu | Inakaa pale pale | Inakaa pale pale | Inazama polepole | Inakaa pale pale |
| Vuta hendibreki, kisha kanyaga | Haibadiliki | Inakuwa fupi ghafla | Haibadiliki | Haibadiliki |
| Bana mipira ya breki mmoja mmoja | Inaimarika ukibana upande wenye upepo | Inaimarika ukibana wa nyuma | Hakuna nafuu hata ukibana yote | Inaimarika ukibana mwanzoni mwa mpira mbovu |

Mstari wa pili ndio unaoamua kesi nyingi, na ndio unaofanywa vibaya. Watu hukanyaga kwa nguvu zote, pedeli inasimama, wanasema masta nzima. Raba iliyochoka mara nyingi hushika vizuri presha ikiwa kubwa, kwa sababu presha yenyewe inaibana kwenye ukuta wa silinda. Inapovujisha ni kwenye nguvu ndogo, ile ya kusimama taa nyekundu. Basi weka mguu kama unayesubiri bajaji ipite, usiongeze wala kupunguza, uhesabu taratibu mpaka thelathini. Ikizama na hakuna tone chini, mafuta yanapita ndani ya masta. Upepo hauzamishi pedeli namna hiyo. Upepo unabanwa, na ukishabanwa unakaa. Ndiyo maana pedeli yenye upepo inakupa hisia ya kukanyaga godoro, lakini haiendelei kwenda.

Breki za nyuma zinavyoisingizia masta

Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo hela nyingi inapopotelea.

Magari mengi tunayotumia mkoani, IST, Probox, Hiace za abiria, Hilux za kubebea mizigo, yana diski mbele na dramu nyuma. Fundi amebadili pedi za mbele, nyuma hakugusa, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Lakini viatu vya nyuma vikilika na kirekebishi chake kikawa kimeshikwa na kutu, vinakaa mbali na dramu. Kila ukikanyaga, mafuta ya masta yanatumika kwanza kuvisukuma viatu mpaka viguse, na safari hiyo yote unaisikia mguuni kama pedeli ndefu. Kabla ya kazi ya pedi ulikuwa umeizoea. Baada ya kazi, mguu wako unasikiliza kila kitu, na unaiona kama mpya.

Pwani yetu inazidisha jambo hili. Hewa ya chumvi ya Mikindani na Lindi mjini haiachi chuma salama, na wale wanaopeleka magari kukimbia kwenye mchanga wa ufukweni Msimbati wanajua nipeli zao zikoje. Kirekebishi cha ndani ya dramu ni skrubu ndogo yenye meno. Ikishika kutu haizunguki tena yenyewe.

Kipimo cha hendibreki ndicho kinachoikamata. Ukivuta hendibreki unavisogeza viatu karibu na dramu kwa waya, bila kutumia mafuta. Kama pedeli iliyokuwa ikienda mbali sasa inashikia juu, jibu umepata: huna haja ya masta wala kopo la mafuta. Inua nyuma kwa jeki, weka stendi, toa kizibo cha mpira nyuma ya sahani, na uzungushe ile skrubu yenye meno kwa bisibisi bapa mpaka tairi lianze kukwaruza, kisha urudishe kidogo lizunguke huru. Kama haizunguki, fungua dramu, isafishe na upake grisi ya breki kwenye nyuzi zake. Ukiwa humo ndani angalia na silinda ndogo za magurudumu, kwa kuinua kidogo kingo za raba zake. Kukiwa na majimaji nyuma ya raba, nayo imekwisha.

Tofauti yake na upepo iko kwenye pampu ya pili. Viatu vikiwa mbali, pampu ya kwanza ni ndefu na ya pili ni ngumu kabisa. Penye upepo, ya pili ni fupi zaidi lakini bado inarudisha mguu. Ukizijua hizi mbili umeokoa nauli ya spea.

Upepo: njia nne za kuutoa, na ipi kwa nani

Ikiwa vipimo vinaelekeza kwenye upepo, swali linalofuata ni uutoe vipi. Njia iliyozoeleka ni ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja chini: "Pampu… shikilia… nafungua… nimefunga, achia." Haigharimu kitu na inafanya kazi. Kasoro yake ni yule wa ndani. Akipampu mpaka chini, raba za masta zinasafiri hadi sehemu ya silinda ambayo kwa miaka yote hazijawahi kufika. Kwenye gari lililotoka Japani likiwa na miaka kumi na zaidi, sehemu hiyo ina kutu na masizi ya mafuta ya zamani. Midomo ya raba inakwaruzwa pale, na masta inakufa wakati inatibiwa. Dawa ni kipande cha mbao chini ya pedeli, kiizuie isifike mwisho. Mpe yule kijana maelekezo akanyage taratibu, bila kupiga. Na asiachie mguu kabla nipeli haijafungwa, la sivyo upepo unarudi kwa mlango ule ule.

Njia ya pili ni kuacha mafuta yashuke kwa uzito wake. Jaza kopo la masta (lile la akiba ya mafuta lililo juu yake), fungua nipeli, weka kimpira kinachoingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo, kisha subiri. Inataka uvumilivu na jicho kwenye kopo lisikauke. Haina hatari kwa masta hata kidogo, na mtu mmoja anaimudu. Udhaifu wake ni kwamba mapovu yaliyojificha kwenye kona za juu hayang'oki kwa mwendo wa kobe. Kwangu mimi hii ndiyo ya kuanzia kwa gari la zamani, kisha unamalizia na ya watu wawili kwa pampu fupi chache kila gurudumu.

Ya tatu ni pampu ya kuvuta kwenye nipeli. Ni nzuri na ya haraka, ila inadanganya. Hewa huingia kupitia nyuzi za nipeli iliyolegezwa, na unaona mapovu yasiyoisha kwenye kimpira ukadhani gari lina ziwa la upepo. Paka grisi kuzunguka nyuzi, na ukiona mapovu madogo ya ukubwa mmoja yanayotoka bila kukoma, usiyaamini.

Ya nne ni kusukuma mafuta kutoka chini kwa sirinji kubwa, yaingie kwenye nipeli na kupanda hadi kwenye masta. Upepo asili yake ni kupanda, kwa hiyo unaushindikiza upande unaoutaka mwenyewe. Inasaidia pale njia nyingine zimeshindwa. Lakini inapandisha pia uchafu uliokuwa kwenye kalipa, hivyo siipendekezi kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla) wala kwa mfumo ambao mafuta ya zamani hayajatolewa yote. Kopo la masta litajaa na kumwagika, nayo mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Weka vitambaa, na yakidondoka mwaga maji mara moja.

Zifuatazo ndizo sababu za mtu kutoa upepo kutwa nzima na pedeli ikabaki laini. Moja ni kalipa zilizobadilishana pande. Fundi alizifungua zote mbili, akazirudisha ya kulia kushoto, na sasa nipeli imekaa chini ya kalipa. Upepo umekaa juu, nipeli iko chini. Hata ukimwaga debe la mafuta hautoki. Nipeli lazima iwe juu. Nyingine ni mpangilio. Kama kitabu cha gari hakisemi vinginevyo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu yenye usukani kulia huwa ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia.

Kwa pikapu na baadhi ya Hiace kuna kifaa kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma, kina mkono unaofuata uzito wa mzigo ili kupunguza au kuongeza breki za nyuma. Vingi vya aina hiyo vina nipeli yake chenyewe, na wengi hawaigusi. Msimu wa korosho, Hilux hizi zinabeba magunia kutoka Tandahimba na Nanyamba, na mkono ule ukiwa umepinda au umeshika kutu, breki za nyuma hazifanyi kazi yake hata mafuta yakiwa masafi.

ABS ni habari nyingine. Ikiwa kopo la masta lilikauka wakati wa kazi, upepo unaweza kuwa umeingia kwenye kile kisanduku cha ABS, na njia zote nne haziufikii. Hapo unahitaji fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari inayoweza kuamsha pampu ya ABS wakati nipeli iko wazi. Kama kopo halikukauka, usiishuku ABS haraka. Nyingi ya kesi hizi hazina uhusiano nayo.

Masta: iagizwe au isiagizwe?

Pedeli inazama polepole kwa mguu mwepesi, hakuna uvujaji, hendibreki haibadilishi kitu. Ushahidi umekusanyika. Bado kuna kipimo kimoja kabla ya kutuma hela, na hiki hakina ubishi: kuziba matundu ya masta.

Fungua mabomba ya chuma kwenye masta, kisha uzibe matundu yake kwa viziba vyenye nyuzi zinazolingana. Magari ya Kijapani mengi hutumia nyuzi za milimita 10 zenye hatua ya milimita 1. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kutoka kwenye ncha za bomba bovu la breki pamoja na nati zake: linakatwa, linapondwa, linazibwa kwa shaba. Toa upepo ndani ya masta kwa kulegeza viziba kidogo huku mtu akikanyaga taratibu. Sasa kanyaga. Masta nzima haina pa kupeleka mafuta, kwa hiyo pedeli inakaa juu na ngumu. Ikizama hapo, haina wa kumsingizia. Ikiwa ngumu, iache masta na urudi kwenye mipira, kalipa na dramu.

Mipira unaipima kwa kuibana, lakini si kwa plaizi yenye meno. Tumia kibanio chenye midomo ya mviringo, au angalau funga kitambaa kinene, na ubane kiasi cha kuziba tu. Mpira uliopasukapasuka usiubane, ubadilishe. Umri wake unauona kwa macho.

Masta ikishahukumiwa, kuna uchaguzi mwingine, na hapa ndipo marafiki huanza kupeana ushauri wa kila aina. Kubadili raba peke yake, ile wanayoiita kiti ya masta, ndiyo nafuu kwa bei. Inafaa kwa sharti moja: ukuta wa silinda uwe laini kabisa. Ingiza kidole kidogo ndani, au angalia kwa tochi. Ukisikia kishimo au mkwaruzo, raba mpya zitakatwa pale pale zilipokatwa za zamani. Silinda za alumini hazipendi kusuguliwa kwa msasa ili kuzilainisha, kwa hiyo fundi anayesema "tutaipiga msasa" anakuuzia miezi michache. Sehemu hizo zisafishwe kwa mafuta ya breki au spiriti. Petroli na dizeli, ambazo ndizo zilizojaa kwenye madumu ya gereji, zinavimbisha raba za breki.

Ya mtumba ina sifa ya kuwa mashine halisi ya gari lako. Nami siipendi. Imekaa rafuni kavu, matundu wazi, raba zimeshika umbo la mahali ziliposimama, na huwezi kujua ndani kukoje mpaka uifunge. Ikiwa ndiyo pekee iliyopo, ichukue kwa masharti kwamba inarudishika na uifanyie kipimo cha viziba kabla ya kuunganisha mabomba. Wengine huichukua ili waifunge raba mpya, na hiyo ina mantiki kama silinda yake ni laini.

Mpya ya kampuni yenye jina ndiyo ninayoishauri kwa gari linalobeba watu. Mpya isiyo na jina, kwenye boksi lenye maandishi yanayofanana na ya asili, iangalie mara mbili: nyuzi zilizokatwa ovyo na vipande vya chuma ndani ya matundu utaviona mwenyewe.

Yoyote utakayochagua, usiagize kwa jina la gari peke yake. Piga picha ya masta pande zote, onyesha mabomba yanatoka wapi, na soma namba ya kipenyo iliyopigwa kwenye mwili wake, kama vile 13/16 au 7/8, ambavyo ni vipimo vya inchi. Kipenyo kikubwa kuliko cha awali kinaifanya pedeli iwe fupi na ngumu, inayotaka nguvu ya mguu zaidi. Kidogo kuliko cha awali kinaifanya iwe ndefu na laini, na hapo utarudi kule kule ulikotoka, ukidhani masta mpya ni mbovu. Masta ikifika itolewe upepo ikiwa mezani, kwenye jiriwa, kabla ya kufungwa garini. Ukiifunga kavu, utapambana na upepo wake kwa muda mrefu.

Mafuta yenyewe

Angalia kifuniko cha kopo la masta, kimeandikwa aina. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kukaa pamoja, na DOT 5.1 pia ni ya familia hiyo hiyo. DOT 5, bila hiyo nukta moja, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo.

Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji ya kutosha. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi joto 205. Ikishavuta maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukiona mahali pamekaa chupa iliyofunguliwa tangu Ramadhani, iache hapo. Nunua kopo dogo lililofungwa.

Lakini maji kwenye mafuta hayaleti pedeli laini gari likiwa limesimama uani. Yanaleta laini pale breki zikipata moto, kama kushuka kutoka Newala na mzigo. Ukipanda asubuhi pedeli ni nzuri na kuteremka inakuwa laini, kisha ikipoa inarudi, shuku mafuta kuchemka. Gari lililotoka gereji laini na likabaki laini asubuhi, mchana na usiku lina jambo jingine.

Kuna kosa moja la mafuta linalofanya yote niliyoandika juu yasiwe na maana, nalo ni mtu kujaza oili ya pawa stiaringi au haidroliki kwenye kopo la breki. Kama una wasiwasi, chovya tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 au 4 yanachanganyika na maji, oili inaelea. Ikielea, usiendeshe. Raba za masta, kalipa, silinda ndogo na mipira zote zimeguswa, na kubadili moja moja ni kulipia kazi hiyo mara nne.

Unaweza kuliendesha wakati unasubiri spea?

Inategemea ni mshukiwa gani amekamatwa na vipimo. Pedi mpya ambazo hazijakaa, pedeli ikiwa juu na haizami: ndiyo, na kuendesha ndiyo dawa yake. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 50 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi kama 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa huku ukiacha nafasi zipoe, na usivute hendibreki zikiwa za moto. Viatu vya nyuma vilivyo mbali: rekebisha leo hii, haihitaji spea. Upepo: gari lisitoke uani mpaka uishe, kwa sababu hujui upepo upo kwenye gurudumu gani na siku ya breki ya ghafla gari litavuta upande upi.

Masta inayozama: lisisogee. Mfumo umegawanyika sehemu mbili ili moja ikifa nyingine isaidie, ni kweli, lakini raba iliyochoka ya sehemu moja ina mwenzake wa umri ule ule. Dereva aliyezoea kupampu atakuambia anaifahamu gari yake. Kwenye foleni ya Mnazi Mmoja, pale njia za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, mwenye nafasi ya kupampu mara tatu ni aliyeona hatari mapema; mtoto anayekatiza mbele ya bampa hampi mtu muda wa pampu ya pili. Gari likae, spea ije na basi la usiku. Ikishafungwa, baada ya safari ya kwanza fupi, rudi ukapitishe kidole kwenye nipeli zote tena, na kwenye nati za mabomba ya masta. Hizo nati hulegea kwa fundi aliyeogopa kukata nyuzi, na tone la kwanza huonekana breki zikishapata joto.